Fedha ya Umma Ikitiwa Katika Mtaji, Ni Nani Aiangaliaye?
Somo kutoka mashamba ya karanga ya Kongwa

Watu wengi wajua jinsi kodi inavyotolewa, lakini ni wachache wajuao jinsi inavyolindwa ikiisha kutolewa. Mlipa kodi huyaona baadhi ya matumizi yake kwa macho: mwalimu hupata mshahara, barabara hutiwa changarawe, zahanati huletewa dawa. Dawa isipofika, watu wa mahali pale hujua siku ile ile, nao hulalamika. Lakini iko fedha nyingine ya umma ambayo haitumiwi hivyo. Hiyo hutiwa katika mtaji: hununuliwa hisa, hujengwa kiwanda, hulimwa shamba kubwa, au hukopeshwa shirika, kwa matumaini ya kwamba baada ya miaka kadha itarudi pamoja na faida. Fedha ya namna hii ni ngumu kuilinda, kwa sababu katika miaka ya kwanza hapana mtu atazamiaye faida. Yule anayeipoteza na yule anayeitumia vizuri wote wawili husema neno moja: "Ngojeni."

Katika somo hili tutaeleza jinsi fedha hiyo inavyopaswa kuangaliwa, na tutachukua mfano wa kweli uliotokea karibu nasi, yaani mashamba ya karanga ya Tanganyika tangu mwaka 1946 hata 1951. Tumeuchagua mfano huo kwa sababu mambo yake yote yaliandikwa na kujadiliwa hadharani, na kwa sababu wako wazee waliosimuliwa habari zake na baba zao waliofanya kazi huko.

Ng'ombe wa kuwekesha

Jambo lenyewe si geni kwa wafugaji. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwagawa kwa rafiki na jamaa walio mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Aliyewekewa alikunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama wao walibaki kuwa mali ya mwenyewe. Lakini mwenyewe hakukaa nyumbani akingoja habari tu. Alikwenda mara kwa mara, akatazama, akahesabu. Na ng'ombe akifa, aliyewekewa alipaswa kuonyesha ngozi. Asiyekuwa na ngozi ya kuonyesha alikuwa na kesi mbele ya wazee, hata kama ng'ombe alikufa kweli.

Msomaji aangalie ya kwamba desturi hiyo ina ulinzi wa namna mbili. Ngozi ni ushahidi wa baada ya hasara. Lakini kabla ya kupeleka ng'ombe hata mmoja, mwenye mali aliuliza: malisho ya huko yakoje, maji yako wapi, na mtu huyu amepata kulinda ng'ombe wa nani? Wala hakupeleka mia kwa siku moja katika nchi asiyoijua. Alianza na wawili au watatu, akatazama mwaka mmoja au miwili jinsi wanavyonenepa. Hesabu za serikali nazo zina ulinzi huo huo wa namna mbili, ule wa kabla na ule wa baada, na hasara nyingi kubwa zimetokea mahali ambapo ulinzi wa baada ulikuwapo na ule wa kabla haukuwapo.

Mlinzi wa mlangoni

Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo, zilirithi utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1866, ambayo Gladstone aliileta katika Bunge la Uingereza. Sheria hiyo ilimpa afisa mmoja kazi mbili, na jina la cheo chake lina maneno mawili kwa sababu hiyo: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa kazi ya kwanza alikaa, kama tunavyoweza kusema, mlangoni pa Hazina, asiruhusu fedha kutoka ila ile iliyokubaliwa na Bunge. Kwa kazi ya pili alivikagua vitabu baada ya mwaka kwisha, akalieleza Bunge aliyoyaona. Waziri hakuweza kumwondoa kazini. Bunge tu ndilo lililoweza kuomba aondolewe. Tena tangu mwaka 1861 ilikuwapo Kamati ya Hesabu za Umma, ambayo kazi yake ni kuzisoma taarifa hizo na kuwaita wakuu wa idara waje kujibu.

Utaratibu huo ulifaa sana kwa mishahara na majengo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianza kuunda mashirika ya kufanya biashara kwa fedha ya umma. Shirika la namna hii liliwekewa halmashauri iliyoteuliwa na Waziri, lilipewa mkopo kutoka Hazina, na hesabu zake zilikaguliwa na wakaguzi wa kazi za biashara. Mambo yake ya kila siku hayakujibiwa na Waziri katika Bunge, maana ilisemekana kwamba mfanyabiashara hawezi kungoja ruhusa ya Bunge kila anapotaka kununua spea ya trekta. Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi. Mtu yeyote aliyepata kungoja sahihi ya ofisi ili apate misumari ataielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wa Hazina ulikuwa ukifunguliwa mara moja kwa kiasi kikubwa, na yule mlinzi wa mlangoni hakuwa na mengi ya kuuliza tena.

Wiki tisa

Baada ya vita watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia, na chakula kiliuzwa kwa kadi za mgao. Katika mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga (ambazo watu wa pwani huziita njugu nyasa) zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ilituma wajumbe watatu wakaitazame nchi. Kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, na mmoja wa wenzake alikuwa Bwana John Rosa, mtu wa mambo ya fedha. Safari yao ilichukua wiki tisa.

Taarifa waliyoileta ilikuwa na shauri kubwa mno. Walitaka mashamba 107, kila shamba la ekari 30,000, yaani jumla ya ekari 3,210,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni 25,000,000, yaani shilingi 500,000,000 za Afrika ya Mashariki za wakati ule. Baada ya miaka michache zingetoka tani 600,000 za karanga kila mwaka, na Uingereza ingeokoa pauni 10,000,000 kwa mwaka katika ununuzi wa mafuta. Serikali ililikubali shauri hilo mwishoni mwa mwaka 1946, na mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walifika Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Hapa ndipo panapotupasa kusimama kidogo, maana hapa ndipo ulinzi wa kabla ulipokosekana. Ekari milioni tatu zilikubaliwa kabla ya kulimwa shamba moja la majaribio kwa mashine zile, katika udongo ule, kwa misimu miwili au mitatu. Sababu iliyotolewa ilikuwa haraka: watu wana njaa ya mafuta, na kungoja majaribio kungepoteza miaka. Wako waliosema kwamba kazi hii ni kama vita, na vita havingoji. Lakini katika vita adui huonekana akija. Huko Kongwa adui alikuwa mvua, na habari za mvua hazipatikani kwa haraka.

Tena ardhi ya Kongwa ilipendeza kwa sababu sehemu kubwa yake haikuwa na watu wengi. Wenye kupanga waliihesabu jambo hili kuwa baraka, maana hapangekuwa na ugomvi wa mashamba. Kwa maoni yetu lilikuwa swali, tena swali la kwanza. Nchi ambayo imezungukwa na watu kwa karne nyingi, na bado katikati yake hapakaliwi, ina neno. Wagogo walijua neno hilo. Katika njaa waliyoiita Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, nchi yao iliangamia kwa ukosefu wa mvua na kwa taabu za vita, na watu wakafa kwa wingi. Mzee yeyote wa Ugogo angeweza kusema kwamba mvua ya pale huja mwaka mmoja na kukosa mwaka wa pili. Maarifa hayo hayakuwa na gharama yoyote, lakini hayakuingizwa katika hesabu.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Matrekta mengi yalikuwa yametumika katika vita, mengine yameletwa kutoka Ufilipino na Misri, na sehemu kubwa iliharibika kabla ya mwaka kwisha. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo, na reli ya kwenda bara ilikuwa na njia moja tu. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi migumu iliyovunja majembe, na udongo wake, mvua ikiisha, ulikauka ukawa kama saruji, hata karanga zilizokomaa hazikung'oka kwa urahisi. Katika mwaka wa kwanza ilitazamiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Msomaji atauliza: mbona kazi haikusimamishwa hapo? Mfugaji wetu angeona mwaka wa kwanza kwamba ndama hawakuzaliwa, naye asingepeleka ng'ombe wengine. Jibu ni kwamba hapakuwa na kituo kilichowekwa tangu mwanzo ambacho watu wangepaswa kusimama na kuuliza kama waendelee. Fedha ilikuwa imekwisha kuahidiwa yote. Kushindwa kwa mwaka wa kwanza kulielezwa kuwa sababu ya kununua mashine zaidi.

Ngozi isiyopatikana

Katika mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Chakula la Ng'ambo, ambalo liliichukua kazi hiyo kutoka kampuni ya United Africa iliyokuwa ikiisimamia kwa muda. Shirika liliruhusiwa kukopa kutoka Hazina hata pauni 50,000,000. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Leslie Plummer, na Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, ndiye aliyepaswa kulijibia Bungeni. Wakuu wa Shirika walikaa London. Kazi ilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Jambo moja katika uteuzi wa halmashauri ile lastahili kuangaliwa sana. Bwana Wakefield na Bwana Rosa, waliokuwa wameandika taarifa ya mwaka 1946, waliwekwa kuwa wajumbe wake. Hatusemi kwamba hawakuwa watu waaminifu. Hapana ushahidi wowote wa kwamba mtu alijitajirisha. Lakini aliyeandika makadirio hawezi kuwa ndiye wa kuyapima. Kila habari mbaya inayotoka shambani humfikia kama lawama juu yake mwenyewe, na ni desturi ya wanadamu kuitafutia lawama njia nyingine.

Hesabu za mwaka wa kwanza wa Shirika, zilizofungwa tarehe 31 Machi 1949, zilitangazwa karibu na mwisho wa mwaka ule. Wakaguzi walikuwa wameandika maneno machache yaliyoshtua watu kuliko habari zote za matrekta. Walisema kwamba hawakuweza kuthibitisha ya kuwa vitabu vya hesabu vinavyostahili vilikuwa vimetunzwa kwa kazi za Afrika ya Mashariki. Maana yake ni hii: fedha nyingi zilikuwa zimetumika, vyombo vingi vilikuwa vimenunuliwa na kupelekwa Kongwa, lakini mtu akiuliza ni vitu gani vimefika, viko wapi, na vina thamani gani, hapakuwa na daftari la kumjibu kwa hakika. Kwa lugha ya mfugaji, ng'ombe walikuwa wamekufa na ngozi hazikuonekana.

Mwezi wa Novemba 1949 Bunge lilijadili jambo hilo kwa ukali. Chama cha upinzani kilitaka uchunguzi maalum. Serikali ilikataa, ikashinda kwa wingi wa kura. Mwezi ule ule Bwana Wakefield na Bwana Rosa waliondolewa katika halmashauri. Mpango ulipunguzwa, kutoka ekari milioni tatu hata ekari 600,000, na Bwana Plummer aliacha kazi mwaka uliofuata. Mashamba kumi yaliyokusudiwa Kenya hayakufunguliwa hata moja. Mwishowe, katika Januari 1951, serikali ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na kwamba deni la karibu pauni 36,000,000 litafutwa.

Neno "kufutwa" lisimdanganye msomaji. Deni la namna hiyo haliyeyuki. Shirika lilikuwa limekopa Hazina, na Hazina ilikuwa imepata fedha kwa walipa kodi. Hazina iliposema kwamba haidai tena, ilikuwa ikisema kwamba mlipa kodi ndiye aliyelipa. Kwa shilingi za Afrika ya Mashariki za wakati ule, hiyo ilikuwa 720,000,000. Alilipa mchimba makaa wa Wales ambaye hakupata kuiona Kongwa, naye hakupata mafuta ya kupikia. Waafrika waliokuwa wameacha mashamba yao kwenda kutafuta mshahara huko walilipa kwa namna yao, kazi ilipokoma nao wakarudi nyumbani.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Wakaguzi waliyaandika maneno yale bila kuyaficha, hesabu zilichapwa zikauzwa kwa kila aliyezitaka, na magazeti yakazisoma. Lau si hivyo, mpango huenda ungaliendelea mpaka pauni 50,000,000 zikamalizika. Ulinzi wa baada ulifanya kazi yake. Kosa ni kwamba ulikuwa peke yake, na ulichelewa.

Baki ya kazi ile haikuwa bure kabisa. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 nayo inatumika hata leo, ingawa reli iliyojengwa kutoka huko kwenda Nachingwea ilikosa mizigo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Katika mwaka 1955 liliundwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililoirithi ardhi. Shirika hilo lilianza kwa mashamba madogo ya wapangaji na kwa majaribio, tumbaku huko Urambo, ng'ombe huko Kongwa, yaani lilianza mahali ambapo wale wa kwanza wangalipaswa kuanzia.

Walioanza kwa kidogo

Isidhaniwe kwamba mradi mkubwa wa fedha ya umma hauwezi kufaulu. Katika Sudan, kati ya mito miwili ya Naili, serikali ilitaka kulima pamba katika uwanda wa Gezira kwa maji ya kumwagilia. Huko hawakuanza kwa kujenga bwawa. Katika mwaka 1911 walifungua shamba la majaribio mahali paitwapo Tayiba, maji yakipandishwa kwa pampu. Walitazama kama pamba inaota, kama wakulima wa pale wanaikubali kazi, na kama mapato yanatosha kugawanywa kati ya mkulima, serikali na kampuni. Baada ya kuiona pamba yenyewe, Bunge la Uingereza katika mwaka 1913 lilikubali kudhamini mkopo wa pauni 3,000,000. Kisha Vita Kuu ya Kwanza vilichelewesha kazi, gharama zikapanda, na Bunge likaombwa fedha tena. Lakini kila lilipoombwa palikuwapo pamba ya kuhesabiwa. Bwawa la Sennar lilimalizika mwaka 1925, miaka kumi na minne baada ya Tayiba.

Gezira nayo ilipata taabu zake, hasa bei ya pamba ilipoanguka katika miaka ya 1930, na wakulima wake walikuwa na malalamiko yao. Lakini hasara ya soko ni jambo moja, na hasara ya kutojua kama mmea utaota ni jambo jingine. Wakaguzi hodari mia moja hawawezi kuiponya hii ya pili, maana wao huja na kalamu wakati mbegu imekwisha kuzikwa.

Utaratibu wa Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitenganisha zile kazi mbili ambazo sheria ya 1866 ilimpa mtu mmoja. Kifungu cha 228 kimeweka Mdhibiti wa Bajeti. Huyo ndiye wa mlangoni: fedha haitoki katika mifuko mikuu ya serikali ya taifa na ya kaunti bila idhini yake, naye hana ruhusa ya kuidhinisha ila ameridhika kwamba sheria inaruhusu. Kifungu cha 229 kimeweka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, huyu hupaswa kuzikagua hesabu na kutoa taarifa. Katiba haikumtaka aseme tu kama fedha ilitumika kwa halali. Imemtaka aseme pia kama ilitumika kwa njia yenye manufaa. Maneno hayo mawili si mamoja. Karanga za Kongwa zilipandwa kwa halali kabisa.

Taarifa hupelekwa Bungeni au katika baraza la kaunti, na katika miezi mitatu hupasa kujadiliwa na kuchukuliwa hatua. Bunge lina kamati za hesabu za umma, na tena lina kamati zinazoangalia uwekezaji wa umma, yaani mashirika yenye mtaji wa serikali. Hizo za pili ndizo zilizo karibu zaidi na somo letu.

Yako pia mafungu ya fedha ambayo ni ya wafanyakazi wenyewe, kama akiba ya uzeeni. Kwa haya Kenya ilitunga sheria mwaka 1997, ikaunda mamlaka ya kuyasimamia. Kanuni zake zinafanana sana na busara ya yule mwenye ng'ombe aliyewagawa katika maboma mbalimbali. Fedha yote haiwezi kutiwa mahali pamoja. Katika nyumba na ardhi, kwa mfano, kikomo kilichowekwa ni asilimia 30. Tena anayeamua mahali pa kuitia fedha si yule anayeishika. Meneja wa uwekezaji huamua, na mlinzi wa mali, ambaye ni benki au kampuni nyingine, hutunza hati na fedha yenyewe. Ili fedha ipotee kwa hila, itabidi watu wawili wasiokaa ofisi moja wapatane.

Walakini mlinzi wa mlangoni huangalia sheria, si udongo. Mdhibiti wa Bajeti ataona kwamba bwawa limetengewa fedha kwa halali. Hataweza kujua kama mto ule una maji ya kutosha mwezi wa Februari. Swali hilo ni la wale wanaoleta mpango, na la wale wanaoukubali, na la watu wa mahali penyewe. Katiba imewataka wenye mamlaka washauriane na wananchi juu ya mambo ya fedha, na vikao hivyo aghalabu hutangazwa katika magazeti na kufanywa katika makao ya kaunti au ya wadi. Mtu anayehudhuria yafaa aulize mambo ambayo hayakuulizwa Kongwa: je, jambo hili limejaribiwa wapi, na kwa misimu mingapi? Ni fedha kiasi gani itakayotoka kwanza, na ni nini kitakachoonekana kabla ya fungu la pili kutoka? Aliyeandika mpango atakuwa pia katika halmashauri ya kuusimamia? Na wazee wa mahali pale wamesema nini juu ya mvua?

Mwenye kutaka kuzisoma taarifa za Mkaguzi Mkuu atazikuta zimetangazwa kwa watu wote. Nyingi ni ndefu, lakini asiogope urefu wake. Atafute kwanza maoni ya mkaguzi, ambayo huwa ya namna nne. Ya kwanza ni maoni safi, yaani hesabu zimeonyesha hali halisi. Ya pili ni maoni yenye mashaka: hesabu kwa jumla ni sawa, ila kwa jambo fulani lililotajwa. Ya tatu ni maoni mabaya, ambapo mkaguzi asema kwamba hesabu hazionyeshi hali halisi. Ya nne ni pale anaposema kwamba hawezi kutoa maoni yoyote, kwa kuwa hakupewa vitabu na hati za kutosha. Wasomaji wengi hudhani hii ya mwisho ni nafuu kuliko ile ya tatu, kwa sababu haina shutuma ndani yake. Sivyo. Katika maoni mabaya mkaguzi ameona vitabu, akaona kosa. Katika haya ya nne hajaona kitu cha kuonyesha, nayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na yale yaliyoandikwa juu ya vitabu vya Kongwa katika mwaka 1949.